Kufufua Si Kugeuza

Msomaji, kuna watu wa namna mbili ninaotaka kushindana nao katika kurasa hizi, nami nakuomba uwe hakimu kati yetu. Wa kwanza ni yule aionaye mashine kongwe akasema, "Hii imepitwa na wakati, itupwe." Wa pili ni yule aichukuaye mashine iyo hiyo kwa mapenzi makubwa, akaifungua, akaing'oa matumbo, akatia vitu avipendavyo mwenyewe, kisha akaiuza kwa jina la mashine iliyofufuliwa. Wa kwanza amekosa kwa kutojua. Wa pili amekosa zaidi, kwa sababu anajua.

Sitazungumza juu ya mashine zote za ulimwengu, maana hoja pana mno haishiki kitu. Nitashika aina moja tu, ambayo nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu mara nyingi: priampu za gitaa za kufungwa katika reki, zilizotengenezwa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1980 na ya 1990.

Yamkini neno hili ni geni kwako, basi na nilieleze. Gitaa la umeme halina sauti ya kutosha lenyewe. Nyuzi zake za chuma zikitikisika mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba huzaa umeme mdogo mno, aghalabu usiofika volti moja. Umeme huo hauwezi kuisukuma spika. Hauna budi kushughulikiwa mara mbili. Kwanza hukuzwa na kupewa umbo: uzito wa besi, ukali wa sauti za juu, na ule mkwaruzo ambao wapiga gitaa huupenda kama wapishi wapendavyo pilipili. Kisha hupewa nguvu za kuitikisa spika. Kazi ile ya kwanza ndiyo kazi ya priampu. Katika amplifaya za kawaida kazi zote mbili hufanywa ndani ya sanduku moja. Lakini katika miaka ya 1980 ilienea desturi, hasa katika jimbo la California, ya kuzitenga. Priampu ikafanywa kuwa chombo mbali, kipana na chembamba, kikatiwa skrubu katika fremu ya chuma pamoja na wenziwe.

Fremu hiyo ndiyo reki. Upana wa vyombo vyake ni inchi 19, kipimo walichorithi wanamuziki kutoka kwa kampuni za simu za Marekani za miaka ya 1920. Kimo huhesabiwa kwa vipande vya inchi 1.75, yaani milimita 44 na kitu. Yashike maneno hayo ya milimita 44, tutayahitaji.

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha moja ya kuziwezesha mashine zao kuamriana, nayo huitwa MIDI. Kwa lugha hiyo mpiga gitaa aliweza kukanyaga kitufe kimoja jukwaani, na priampu iliyo hatua kumi nyuma yake ikabadili sauti yote mara moja: kutoka sauti laini ya wimbo wa mapenzi hadi ngurumo. Mwaka 1987 kampuni ya ADA ya California ilitoa chombo kiitwacho MP-1, kilichoweza kuhifadhi sauti 128, na ndani yake mlikuwa na vali mbili za aina ya 12AX7. Baadaye Mesa/Boogie ya mji wa Petaluma, California hiyo hiyo, ikatoa TriAxis yenye vali tano. Waingereza nao hawakukubali kuachwa nyuma: mwaka 1992 kampuni ya Marshall ilitoa JMP-1, yenye vali mbili na kumbukumbu za sauti 100.

Tazama ajabu ya ndoa hii. Vali ya 12AX7 iliingia sokoni mwaka 1947. Mwishoni mwa mwaka huo huo, katika maabara ya Bell huko Marekani, wataalamu waliunda transista ya kwanza, kifaa kilichokuja kuiondoa vali katika redio, televisheni na kompyuta. Basi vali na mwuaji wake ni wa mwaka mmoja. Na miaka arobaini baadaye wamekutanishwa ndani ya sanduku moja jembamba: vali ikiimba, na chipu, ambayo ni ukoo wa transista, ikiiamuru lini iimbe kwa ukali na lini kwa upole. Mimi sijaona mahali pengine ambapo zama hizi mbili zimekaa pamoja kwa amani kiasi hiki, na hiyo ni sababu yangu moja ya kuzipenda mashine hizi.

Mapenzi ya watu hayakudumu. Katika miaka ya 1990 vijana wa Marekani na Uingereza walichoka na muziki wa majukwaa makubwa na nywele ndefu zilizotiwa dawa. Wakataka gitaa moja, amplifaya moja na kelele za kweli. Reki ndefu kama kabati zikaonekana za majivuno. Kisha mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ikatoa kidude chekundu kiitwacho POD, kilichoiga sauti za amplifaya nyingi kwa hesabu za kompyuta, nacho kilitosha kubebwa mkononi. Hapo priampu za reki zikawekwa chini ya vitanda, ndani ya ghala na katika mapipa ya taka.

Sasa nimkabili mshindani wangu wa kwanza. Yeye husema hivi: kompyuta ya leo huiga sauti ya mashine yoyote, kwa nini mtu ajisumbue na chuma kizee kinachounguruma na kunuka vumbi la moto? Wengi wanaozitetea mashine kongwe humjibu kwa kuapa kwamba sauti ya vali haiigiki. Mimi sitamjibu hivyo. Nimesikia maigizo hayo, nami nakiri kwamba ni mazuri mno, na ukinifunga kitambaa machoni huenda nikashindwa kuyatambua. Atakayejenga hoja yake juu ya sauti peke yake amejenga juu ya mchanga, na kila mwaka unaopita bahari humega mchanga huo.

Hoja yangu ni nyingine. Chombo cha kompyuta huwezi kukifungua ukaelewa kitu. Ndani yake mna chipu moja nyeusi, na kazi yote imo katika programu usiyoruhusiwa kuisoma. Kikifa, kimekufa, utakipeleka kwa aliyekiuza naye atakuuzia kingine. Lakini ifungue priampu ya mwaka 1987, uweke mchoro wa saketi ubavuni, nawe utaweza kuifuata njia ya sauti kwa ncha ya penseli. Hapa waya wa gitaa unaingia. Hapa rezista inauzuia umeme kidogo. Hapa unaingia katika vali ya kwanza, na ukikumbuka somo lako la fizikia utajua linalotendeka humo: uzi wa moto unakitia joto kifuniko cha chuma, elektroni zinaruka kutoka humo kwenda kwenye bamba lenye chaji chanya, na kati yao umesimama wavu mwembamba ambao umeme mdogo wa gitaa unautumia kama bawabu atumiavyo lango, kuwaachia wengi au wachache. Volti ndogo kwenye wavu, badiliko kubwa kwenye bamba. Mwalimu alikueleza jambo hilo ubaoni. Hapa unalisikia kwa masikio yako. Umeme unatoka humo, unapitia kapasita inayoruhusu sauti ipite na kuizuia volti kubwa isipite, unaingia katika vali ya pili, unazidi kukua hadi unagonga dari, na pale unapogonga dari ndipo mkwaruzo unapozaliwa.

Mwenye kuitupa mashine ya namna hii ametupa kitabu ambacho kurasa zake zote zinasomeka. Kipya kinyemi, walisema wazee, ingawa kidonda.

Wala sitamdanganya mshindani wangu kwamba kuzitengeneza priampu chache kutaisafisha dunia. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba mwaka 2022 binadamu walitupa vyombo vya umeme vya uzito wa tani milioni 62, na kwamba sehemu isiyofika robo ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mbele ya mlima huo mashine zangu ni punje ya mtama. Lakini tabia ya kutupa haikujifunzwa na mtu juu ya mlima mzima. Ilijifunzwa juu ya chombo kimoja kimoja, na ndiko inakoweza kuachwa.

Huyo nimemaliza naye, kwa maana kosa lake ni la kutojua na dawa yake ni kuonyeshwa. Mshindani wa pili ndiye anayenikosesha usingizi.

Yeye ni fundi, au hujiita fundi. Ana pasi ya kulehemu, ana mita, na ana maneno mengi. Akiletewa priampu iliyonyamaza hatafuti kilichoinyamazisha. Huanza kwa kung'oa. Kapasita zote nje! Chipu zote nje! Vali nje, hata kama zilikuwa nzima! Kisha hutia vitu vya bei kubwa, vya rangi ya dhahabu, huongeza mkwaruzo ambao mtengenezaji hakuukusudia, hutoboa tundu katika uso wa mashine atie kitufe chake mwenyewe, na mwisho huandika tangazo: imefufuliwa kikamilifu. Nauliza, imefufuliwa nini? Ukimchukua mzee mgonjwa ukamrudisha kijana mwingine mwenye jina lake, hujamponya mzee.

Ili usinidhanie mkali bila sababu, na tuangalie kile kinachochakaa hasa katika mashine hizi, na kile kisichochakaa.

Nilikuomba uyashike maneno ya milimita 44. Vali ya 12AX7 ina urefu wa kama milimita 56. Basi katika chombo chenye kimo cha kipande kimoja cha reki vali haiwezi kusimama, lazima ilazwe. Imelazwa ndani ya sanduku la bati lisilo na nafasi, ubavuni pana transfoma yenye joto lake, na juu na chini pamefungwa vyombo vingine vyenye joto lao. Joto hilo ndilo adui. Ndani ya priampu mna kapasita za elektroliti, ambazo ni vikopo vidogo vya alumini vyenye karatasi iliyolowa majimaji, na majimaji hayo hukauka polepole. Kapasita ya kawaida ya namna hiyo huahidiwa saa 2,000 za kazi katika joto la nyuzi 85 za Selsiasi. Kanuni ya mafundi husema kwamba kila joto likipungua nyuzi 10 umri huzidi mara mbili. Fanya hesabu: katika nyuzi 55, umri ni saa 2,000 mara mbili, mara mbili, mara mbili tena, yaani saa 16,000. Mwanamuziki aiwashaye mashine yake saa nne kila siku huzimaliza kwa siku 4,000, ambazo ni miaka kumi na moja hivi. Mashine ya mwaka 1987 imekwisha kuuvuka umri huo zaidi ya mara tatu.

Basi kapasita za elektroliti zina haki ya kubadilishwa, na atakayeziacha kwa kisingizio kwamba ni za asili ni mwabudu vinyago. Zikikauka mashine huunguruma. Zikivuja, majimaji yake hula njia za shaba kwenye bodi, na hasara ya shilingi chache huwa hasara ya mashine nzima. Lakini kapasita za plastiki na za kauri, ambazo ndizo nyingi katika njia ya sauti, hazina majimaji ya kukauka. Nyingi zitatuzika wewe na mimi. Kwa nini zing'olewe? Kila unapoyeyusha lehemu ya bodi ya miaka thelathini na kitu unahatarisha kile kisahani chembamba cha shaba kilichogundishwa chini yake, na kikibanduka hakirudi. Fundi mwenye akili hupima kwanza. Hugusa palipokufa tu. Tena hutumia lehemu ya bati na risasi, kama ile aliyoikuta, ambayo huyeyuka kwa nyuzi zipatazo 183. Zile lehemu mpya zisizo na risasi, ambazo Ulaya ilizilazimisha kwa vyombo vipya vingi tangu mwaka 2006 kwa sababu njema za afya, hutaka joto kubwa zaidi, na bodi kongwe hailipendi. (Nawe ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu.)

Kuna jambo dogo zaidi, la ukubwa wa sarafu, ambalo limenipa huzuni kuliko yote. Priampu nyingi kati ya hizi huhifadhi sauti zake katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya volti tatu. Betri hiyo huishi miaka mingi, kisha hufa kimya. Fundi wetu wa haraka huing'oa bila kufikiri, akatia mpya, akajisifu. Hajui, au hajali, kwamba katika dakika ile amefuta sauti zote zilizokuwamo. Mwanamuziki fulani alikaa usiku baada ya usiku akizitafuta: besi kidogo hapa, mkwaruzo kidogo kule, mpaka akaipata sauti ya wimbo wake. Huenda mwanamuziki huyo amekwisha kufa. Sauti zake zilidumu miaka thelathini kwa nguvu za betri moja, zikaja kufutwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Na kuzihifadhi kulikuwa kazi ya dakika chache: mashine nyingi hukubali kutoa kumbukumbu zake zote kupitia waya wa MIDI hadi kwenye kompyuta, na isiyokubali huweza kusomwa namba zake usoni na kuandikwa kwa kalamu.

Nisikize vizuri, sisemi kwamba mwenye mali hana haki ya kuigeuza mali yake. Anayo. Gitaa na vyombo vyake viliendelea mbele kwa sababu watu hawakuridhika na walichopewa. Atakaye kuongeza vali ya tatu na aongeze. Lakini aite kazi yake kwa jina lake, yaani kugeuza, na avitie katika mfuko vile alivyoving'oa, na aandike alichotenda, ili ajaye nyuma yake aweze kurudisha. Kinachonikasirisha ni mambo mawili, uongo wa jina na kazi isiyorudika.

Hapa sina budi kukusimulia aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilipata priampu iliyotoka Marekani. Nchi ile hutumia umeme wa volti 120, na mizunguko 60 kwa sekunde; sisi Kenya hutumia volti 240, na mizunguko 50. Nyuma ya mashine yaliandikwa hayo wazi, nami sikusoma. Nikachomeka, nikawasha. Ulinzi ulikuwapo: fyuzi ilipaswa kukatika mara moja, nami ningepoteza shilingi chache na kupata funzo. Fyuzi haikukatika. Transfoma ililia kama nyuki waliochokozwa, moshi ukatoka katika matundu, na harufu yake sijaisahau. Nilipofungua nilikuta mtu aliyenitangulia ameizungushia fyuzi ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hakuandika popote. Yeye alikuwa ametengeneza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, sikatai. Lakini unaona sasa kwa nini nasema kuwa atengenezaye bila kuandika humtegea mtego asiyemjua? Karatasi ile ilikaa humo pengine miaka kumi ikinisubiri. Tangu siku hiyo, kila mashine ninayoifungua huiandikia waraka mdogo: tarehe, nilichokikuta, nilichokibadili, nisichokijua. Hubandika waraka huo ndani ya kifuniko mbali na joto. Na chombo cha Marekani sikiwashi tena bila transfoma ya kushusha volti, tena iliyo kubwa kuliko mahitaji. Kumbuka pia kwamba hata ukizishusha volti, mizunguko inabaki 50, na transfoma iliyoundwa kwa mizunguko 60 tu hupata moto zaidi kwetu kuliko kwao. Basi iguse mara kwa mara, na isikae imewashwa usiku kucha.

Maadamu tumefika kwenye hatari, niseme neno moja bila mzaha. Vali za kweli hutaka volti nyingi kwenye bamba, na katika mashine nyingi za namna hii huzidi 200. Kapasita huzishika volti hizo hata baada ya plagi kuchomolewa, na volti hizo huua. Usiifungue peke yako. Mwite mwalimu wa fizikia, au fundi wa redio aliyeuzeesha mkono katika kazi. Ngojeni umeme ushuke, muupunguze kwa rezista, mpime kwa mita, kisha mpime tena. Mashine iliyolala miaka mingi nayo isiwashwe kwa umeme mzima siku ya kwanza. Mafundi wazee huunganisha katika njia ya umeme taa ya zamani ya uzi wa moto: taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna kitu kilichogusana kisipotakiwa, ikimulika kisha ikafifia, subira inaruhusiwa kuendelea. Taa za kisasa za LED hazifai kwa kazi hiyo. Na hapa ndipo mahali pekee ambapo nauacha uasilia bila kujadiliana na mtu: waya wa ardhi ukikosekana utatiwa, waya uliopasuka utatupwa, fyuzi itakuwa ya kipimo kilichoandikwa. Asili isiyo salama haina haki.

Mtoza vitu vya kale, yule anunuaye mashine na kuifungia kabatini kwa kungoja bei ipande, simtii katika shauri hili. Kapasita zake zinakauka kabatini vilevile, na siku moja zitamjibu zenyewe.

Wapo watakaosema kuwa sheria zimekwisha kulishughulikia jambo hili. Ni kweli kidogo. California, jimbo lile lile zilikozaliwa nyingi ya mashine hizi, ilipitisha mwaka 2023 sheria ya haki ya kutengeneza, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Kwa chombo cha umeme cha bei ya dola 100 au zaidi, mtengenezaji hulazimika kutoa vipuri, zana na maelezo kwa muda wa miaka saba baada ya kuacha kukiunda. Lakini sheria hiyo haigusi vilivyouzwa kabla ya Julai 2021. Naisifu sheria hiyo, nami napenda nchi nyingine ziige. Lakini pima mwenyewe: miaka saba ni michache kuliko umri wa kapasita tuliyoihesabu hapo juu! Sheria itamlinda mnunuzi mpaka karibu na wakati atakapohitaji kulindwa, kisha itamwacha. Mashine za mwaka 1987 hazikuwa na sheria yoyote, nazo zinatengenezeka leo kwa sababu waliozichora walitumia vipuri vya kawaida, wakatia vali zinazochomolewa kwa mkono, na michoro yao ikapita kutoka fundi hadi fundi.

Huenda ukaniuliza yahusu nini haya kwa mwanafunzi wa Kenya, ambaye hajaona reki ya gitaa ila katika picha. Nami nakujibu kwamba pita katika mtaa wowote wa jua kali utaona vijana wanaofufua redio, simu na majiko kwa zana chache mno, na wengi wao wana mikono ambayo maabara za ng'ambo zingeionea wivu. Wanachokosa si ustadi. Wamekosa mchoro, na wamekosa mteja anayetaka kuambiwa ukweli wa kilichofanywa. Mteja huyo ni wewe. Siku utakapopeleka chombo chako, gitaa au redio au pasi, muulize fundi alichokikuta na alichokibadili, uombe urudishiwe kilichong'olewa. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mimi hufurahi nikiulizwa, maana wengi huuliza bei tu.

Imebaki hoja moja ya mshindani wa kwanza, ambaye naona hajaondoka. Anasema vali zitakwisha duniani, na kazi yetu yote itakuwa bure. Hofu hiyo ilitanda mwaka 2022, wakati vita vya Ukraine vilipozuia kwa muda vali za Urusi kusafirishwa, na bei zikapanda. Lakini 12AX7 bado inaundwa: katika mji wa Čadca nchini Slovakia, huko Urusi, na huko Uchina. Kifaa cha mwaka 1947 unaweza kukinunua kipya. Kilicho adimu ni kile kilichokuja baadaye na kujiita cha kisasa. Katika TriAxis, kwa mfano, sauti huongozwa na vidude ambavyo ndani yake taa ndogo humulika kipande cha kadimiamu salfidi kinachobadili ukinzani wake kwa mwanga. Kadimiamu ni sumu, Ulaya imeibana, na vidude hivyo vinazidi kuadimika. Chipu za kumbukumbu na za kuamuru nazo nyingi zimeacha kuundwa, na programu ya mashine imo katika chipu yenye kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa karatasi. Ukiibandua karatasi hiyo na kuiacha mashine juani, mwanga wa jua utaifuta programu polepole, nawe hutajua ulichokosa.

Kwa vipuri vya namna hiyo hakuna duka la kwenda. Hutolewa katika mashine nyingine iliyokufa kabisa, iliyoungua transfoma na kuliwa bodi na majimaji, kama ile yangu niliyoichoma. Nayo niliing'oa matumbo, nakiri: chipu zake ziko leo katika mashine mbili zinazopigwa, uso wake wa bati katika ya tatu, na lile sanduku tupu nimeliweka juu ya meza yangu ya kazi, na fyuzi yenye karatasi ya fedha ndani yake.